Nyumba ya babu hufumuliwa, ya baba hubomolewa: kwa nini vifusi vyetu havirudi ukutani

Msomaji mmoja wa Mkomani, Lamu, ameuliza hivi: "Assalamu alaikum, mhandisi. Sisi ni ndugu wanne tuliorithi nyumba ya mawe ya babu yetu. Sehemu ya nyuma, ambayo marehemu baba aliiongezea ghorofa ya zege miaka ya themanini, imepasuka na tumeshauriwa kuivunja. Tulinuia mawe, boriti na kokoto zitakazopatikana zitumike tena kujengea vyumba viwili. Mafundi watatu wamekataa, na kila mmoja anasema vifusi vitupwe, mawe mapya yaletwe kutoka kisiwa cha Manda. Je, ni uvivu wao, au kuna sababu ya kweli? Na kama ipo, twaweza kuikwepa?"

Wa alaikumu salamu, dada yangu. Mafundi wako si wavivu, ingawa sababu waliyokupa haifiki hata nusu ya ile waliyo nayo rohoni. Nyumba yako ni nyumba mbili zilizoshikana. Ile aliyoijenga babu, kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, inaweza kurudi ukutani karibu yote. Ile aliyoiongeza baba, kwa saruji na vyuma, haitarudi ukutani, na ikitumika tena itakuwa kwa kazi ya chini zaidi. Fundi anayeziona zote mbili zimelala chini katika rundo moja hawezi tena kuzitenganisha, kwa hiyo anakuambia tupa. Ukinielewa hapo umeelewa sehemu kubwa ya jibu langu, lakini umeuliza kama yaweza kukwepwa, na hilo linahitaji maelezo marefu kidogo.

Tuanze na kinachoshika jiwe kwa jiwe. Chokaa ya zamani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuri la kuni mpaka jiwe likatoa hewa yake, kisha likazimwa kwa maji likawa uji mweupe. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ile ile polepole, na baada ya miezi na miaka hugeuka kuwa jiwe laini. Ulaini huo ndio siri yake. Chokaa ni dhaifu kuliko jiwe inalolishika, kwa hiyo ukuta ukitikisika hupasuka chokaa na si jiwe, na siku ya kuvunja mwashi hutia tindo katika maungio, hugonga mara mbili au tatu, na jiwe hutoka zima likiwa na vumbi jeupe tu mgongoni. Ndiyo maana nasema nyumba ya chokaa hufumuliwa kama mtu anavyofumua mshono wa kanzu, kitambaa kikabaki kitambaa.

Saruji ni kinyume. Yenyewe huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,450, hushika upesi, na ikishashika huwa ngumu kuliko jiwe letu la matumbawe, ambalo lina vitundu na ni jepesi. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa saruji, ukigongwa, hupasuka jiwe na saruji ikabaki nzima. Utapata vipande vya nusu jiwe vyenye bonge la saruji ubavuni, na kulibandua bonge moja huchukua muda mrefu kuliko kuchonga jiwe jipya. Hapo fundi anayelipwa kwa siku atafurahi, lakini wewe unayelipa hutafurahi. Na fundi aliyepatana nawe kwa kazi nzima atakimbia. Kwa hiyo mtu anapouliza kwa nini vifusi havitumiki tena, mimi humwambia kwamba kikwazo cha kwanza hakikuwekwa na mvunjaji. Kiliwekwa na mjenzi, miaka arobaini kabla, siku alipochanganya karai la kwanza.

Nitie neno la pembeni hapa, kwa kuwa nyumba nyingi za Mkomani zimeshapata ugonjwa huu bila kuvunjwa. Watu hupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani wa chokaa wakidhani wanaupa nguvu. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa nje, na lipu ya saruji huufunga unyevu huo ndani pamoja na chumvi yake. Baada ya miaka michache lipu huvimba na kuanguka kwa mabamba, nayo huondoka na uso wa jiwe. Kabla ya kuvunja, tazama kama nyumba ya babu ilipigwa lipu hivyo. Kama ndivyo, mawe ya upande wa nje utayapoteza mengi, na ni heri ulijue hilo sasa kuliko kulijua katikati ya kazi.

Utajuaje ukuta upi ni wa chokaa na upi ni wa saruji, ikiwa kila mahali pamepakwa rangi? Nimewasikia watu wakishauriana kudondosha siki au maji ya ndimu na kuangalia kama yatatoa povu. Kwetu kipimo hicho hakina maana, kwa sababu jiwe la matumbawe lenyewe ni la jamii moja na chokaa, na litatoa povu hata liwe limeungwa kwa nini. Chukua msumari wa inchi nne. Banja rangi na lipu mahali pasipoonekana, kisha kwaruza ungio kati ya jiwe na jiwe. Chokaa itachimbika na kutoka unga mweupe au wa rangi ya maziwa, mara nyingi ukiwa na punje za mkaa ndani yake, masazo ya tanuri. Saruji itakuwa ya kijivu, nayo itaula msumari wako. Fanya hivyo kila mita moja na uweke alama kwa makaa, maana hawa wazee wetu walitengeneza na kuziba kila walipohitaji, na ukuta mmoja unaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa zege ya baba. Unataka kuisaga iwe kokoto, na hilo si wazo baya kwa jumla, kwani kuna nchi zinazolifanya kila siku. Lakini zege kuukuu ikisagwa, kila punje hubaki na ganda la saruji ya zamani lenye vitundu, na ganda hilo hunywa maji. Kokoto nzuri ya jiwe gumu hufyonza maji ya kiasi cha asilimia 1 au 2 ya uzito wake, na ile ya zege iliyosagwa mara nyingi hufika asilimia 5 na kuzidi. Fundi asiyelijua hilo atachanganya kama kawaida, mchanganyiko utakauka mikononi mwake, ataongeza maji, na zege itakuwa hafifu. Kiwango cha Uingereza cha zege, BS 8500, kinaruhusu kokoto za namna hiyo zishike hadi asilimia 20 ya kokoto kubwa katika zege nyingi za kawaida, lakini kinaziondoa, isipokuwa kwa ushahidi wa pekee, katika zege inayopatwa na chumvi ya bahari. Na sisi Lamu, dada yangu, hakuna upepo usio na chumvi.

Tena zege ya miaka ile ina chumvi ya tangu kuzaliwa. Mchanga wa ufukweni ulichotwa ukatumika bila kuoshwa, na pengine maji ya kisima yaliyotumiwa yalikuwa ya magadi. Chumvi hiyo ndiyo iliyokula vyuma vya ghorofa yenu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi mara sita, kwa hiyo chuma kinaposhika kutu huisukuma zege nje, na huo ndio mpasuko mnaouona leo chini ya dari. Ukiisaga zege hiyo na kuitia katika zege mpya yenye vyuma, utakuwa umevihamishia vyuma vipya ugonjwa wa vile vya kale.

Sisemi haya kwa kusikia. Zamani kidogo, huko Malindi, nilisimamia kazi ya kuvunja jengo moja dogo lililokuwa karibu na bahari, na kwa fahari ya ujana nikaamua kwamba hakuna gari hata moja la vifusi litakalotoka kiwanjani. Tulisaga kwa nyundo, tukachekecha, tukaimwaga kama kokoto ya sakafu ya veranda, yenye wavu wa chuma ndani. Miongoni mwa vifusi vile mlikuwa na mabaki ya dari za jipsamu, ambayo mimi niliyaona ni unga mweupe tu kama unga mwingine. Haikupita misimu miwili ya masika, sakafu ikainuka katikati na kupasuka kama mkate uliokaa motoni. Jipsamu ikikutana na saruji na maji huzaa kitu kinachovimba ndani ya zege, na chumvi ikamalizia kazi kwenye wavu. Nilivunja tena kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo nikiona mweupe usiojulikana asili yake ndani ya rundo, rundo zima naliweka kando.

Je, zege hiyo basi itupwe? Hapana. Ivunjwe vipande vya ngumi, vyuma vitolewe viuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na vipande vijazwe chini ya sakafu ya vyumba vyenu vipya badala ya mawe ya kununua, vishindiliwe tabaka kwa tabaka, na juu yake utandaze karatasi nzito ya nailoni kabla ya sakafu yenyewe, ili chumvi isipande. Huo ni utumiaji halali kabisa. Wala usidhani kwamba wenzetu wa mbali hufanya maajabu yanayopita hapo. Umoja wa Ulaya uliweka katika sheria yake ya mwaka 2008 lengo la kwamba kufikia 2020 asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji zisizo na sumu zirudishwe matumizini, lakini kujazia mashimo na misingi kumo ndani ya hesabu hiyo, na vingi vya vifusi vyao huishia chini ya barabara. Jiwe la babu yako likirudi ukutani likiwa jiwe, hilo ni jambo la daraja ya juu kuliko mengi yanayohesabiwa huko.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona Shela na hapo mjini, nalo ni kudhani kwamba unga wa chokaa kuukuu ukirowekwa utashika tena. Hautashika. Umeshakuwa jiwe, na ungepaswa kuchomwa upya. Lakini ukichekechwa vizuri hushika nafasi ya sehemu ya mchanga katika chokaa mpya, na kazi hiyo huifanya vyema kuliko mchanga wa pwani. Vivyo hivyo vigae vya udongo vilivyochomwa kwa moto wa wastani, vikipondwa vikawa unga, huifanya chokaa ishike hata mahali penye majimaji, jambo ambalo chokaa tupu huchelewa kulifanya. Kwa hiyo usikubali vigae vya zamani vifagiliwe pamoja na takataka.

Boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari, ni mali ya pili baada ya mawe, na pengine ya kwanza kwa bei. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na bado mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, wakataji na wajenzi wa Lamu walijikuta wamekwama wakati mmoja. Tangu hapo kila mwenye boriti kuukuu anajua ana akiba. Mikoko haipendwi na mchwa, na boriti iliyokaa kavu dari miaka mia huwa ngumu hata msumari huikataa. Ubovu wake huwa kwenye ncha, pale ilipoingia ukutani, kwa sababu ukuta huinywesha unyevu. Igonge kwa nyundo ndogo kutoka katikati kwenda pembeni. Mlio mkavu ni uzima, na mlio mzito ni uozo. Kisha itoboe kwa keekee nyembamba karibu na ncha uone kama kinatoka kipande cha mti au unga wa bungu. Sasa hapa pana hesabu ambayo mafundi wengi huisahau. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vya wazee wetu, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Ukikata sentimita 30 kila upande ili kuondoa uozo, boriti ya mita 2.8 inabaki mita 2.2, na haifiki tena ukuta wa pili wa chumba kile kile. Kwa hiyo yafaa vyumba vyenu vipya vichorwe kwa kufuata boriti zilizopo, si boriti zitafutwe kwa kufuata mchoro. Fupi zaidi zitaezeka choo, ujia na vizingiti vya milango na madirisha.

Yapo mambo ambayo sitaki yaguswe. Kama pana karatasi za asbesto juu ya paa la nyuma, zisikatwe, zisivunjwe, wala watoto wasizikaribie. Asbesto imepigwa marufuku Kenya, vumbi lake huharibu mapafu, na uondoaji wake ni kazi ya waliopewa kibali na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bodi za jipsamu zitoke kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Mbao zenye rangi ya zamani zisifanywe kuni, kwa kuwa rangi za zamani huenda zina risasi.

Nikifika kwenye usafiri ndipo ninapowaelewa zaidi mafundi wako. Chukua ukuta mmoja wa urefu wa mita 8, kimo cha mita 3, na unene wa nusu mita. Huo ni ukuta wa mita 12 za ujazo, na tukikadiria tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, ni karibu tani 22. Punda akibeba kilo 80 kwa safari moja, hizo ni safari kama 270 kwa ukuta mmoja. Jiwe jipya likitoka Manda hupanda chombo, hushuka bandarini, na hubebwa na punda mara moja tu mpaka mlangoni kwako. Jiwe kuukuu, usipokuwa na ua, utalipia punda kulipeleka mahali pa kusafishia na utamlipia tena kulirudisha. Mji wa Kale haukuachiwa viwanja, na vichochoro vyetu ni vile ambavyo punda wawili wenye shehena hupishana kwa shida. Nathubutu kusema kwamba ukosefu wa mahali pa kupanga mawe umeua nia njema nyingi kuliko ukosefu wa elimu. Kaunti ikitenga sehemu moja ya wazi, hata upande wa Manda, ambapo mwenye mawe ya ziada huyaacha na mwenye uhaba huyachukua, nusu ya tatizo itaondoka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeshazipa kaunti jukumu la kuwa na vituo vya kutenganisha taka, lakini ukisoma roho yake unaona plastiki na mabaki ya jikoni vilikuwa mbele ya macho ya walioiandika, na kifusi kilikuwa nyuma.

Soko nalo ni la ajabu. Mlango wa nakshi ukishushwa asubuhi una mnunuzi kabla ya adhuhuri, hata nyumba nyingi zikabaki na matundu, lakini jiwe la ukuta ule ule halina mwenye kuliuliza. Wapo wanaoyaita mawe ya mtumba, na wapo wanaochelea mawe ya magofu kwa hofu ya majini. Hofu hiyo siicheki, kwa sababu imelinda magofu mengi kuliko walinzi. Na kisheria ni hivyo hivyo: mawe ya Takwa au ya gofu lolote lililotangazwa kuwa turathi hayachukuliwi, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamwadhibu anayefanya hivyo. Ya nyumba yenu ni yenu, ila Mji wa Kale ni turathi ya dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta pitieni ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapo Lamu, pamoja na ya kaunti. Katika jambo hili ofisi hiyo ni msaada kwenu, maana wao hupenda matumbawe na chokaa virudi kuliko matofali ya saruji.

Ulitaja kwamba mko wanne. Basi andikeni kwanza, kwa sahihi zenu wote, kwamba mawe, boriti na vyuma ni vya nani na vitatumika wapi, na kama sehemu yoyote ya nyumba iliwekwa wakfu, muulizeni kadhi kabla ya kuhamisha hata jiwe moja. Halafu katika mapatano na mvunjaji iandikwe wazi kwamba vifusi ni vyenu. Isipoandikwa, yeye huhesabu kuwa ni vyake, na boriti zako utaziona kwenye dari ya mtu mwingine.

Kazi yenyewe iende hivi. Tafuta mwashi aliyewahi kujenga kwa chokaa na umlipe kwa jiwe zima linalotoka safi, si kwa siku. Malipo ya namna hiyo hubadilisha mkono wa mtu mara moja. Bodi, nyaya na mabomba yatoke kwanza. Kisha ghorofa ya baba peke yake, na kila kipande chake kiondolewe uwanjani kabla ya nyundo kugusa ukuta wa babu. Zege ya ghorofa ile isianguke juu ya dari ya boriti, kwa hiyo iwekewe nguzo za kuizuia kutoka chini. Hapo ndipo ukuta wa chokaa ufumuliwe kutoka juu kwenda chini, safu kwa safu, na mawe yapangwe kwa ukubwa. Mkiweza, anzeni mwezi wa pili au wa tatu, mawe yaachwe nje mvua za masika zote ziyaoshe chumvi, na ujenzi uanze kusi ikishatulia. Wazee waliyaacha matumbawe ya baharini yakanyeshewe hivyo hivyo kabla ya kuyajengea. Mkijenga, jengeni kwa chokaa, na zege yenye vyuma, ikiwa mhandisi wenu ataitaka mahali fulani, iwe ya kokoto mpya na maji matamu.

Kuta za chumba cha pili huenda zikapungukiwa mawe, na hapo fundi wako aliyetaka mawe ya Manda atapata haki yake. Nipimie boriti zako moja moja baada ya kuzigonga, uniandikie urefu unaobaki mzima, nami nitakuchorea upana wa vyumba.